Jibu: Wafadhili wa vyoo vya shule Busia, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: vijana wa kujitolea kutoka Uingereza wana pesa za vyoo vya shule ya msingi kijijini kwenu, choo cha zamani kilititia wakati wa mvua, na kamati inavutana.

Anzeni na ardhi. Shule nyingi za UPE (mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote) hapa Uganda zilianzishwa na kanisa au msikiti, na kiwanja mara nyingi bado ni chao. Pateni barua ya mwenye kiwanja, muhtasari wa kikao cha kamati mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha mwoneni afisa elimu wa wilaya. Kabla ya hapo msipokee hata shilingi.

Shimo nalo msichimbe tena la udongo mtupu. Lijengeeni kuta za matofali, na nyuma muache tundu lenye mfuniko. Kuna shule Tororo niliona lori la kunyonya uchafu likirudi tupu, maana hapakuwa na pa kuingiza mpira. Watoto wakarudi vichakani.

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 40 kwa tundu moja la choo, wasichana mbali na wavulana. Ila ningepigania kwanza chumba cha wasichana kujisafishia wakiwa hedhini, chenye maji na komeo la ndani. Wafadhili hukisahau, na wasichana wetu hubaki nyumbani.

Na kile kisima cha pampu ulichokitaja, kiko umbali gani na shimo la choo? Kisipungue mita 30.