Ni mshubiri au mkonge? Kata jani uone

Dada, umeuliza kama mche uliopewa Korogwe, wenye madoa meupe, ni alovera (mshubiri) kweli au mkonge mchanga, na mbona unaoza shinani hapo kwako Raskazone, Tanga.

Kata ncha ya jani moja. Mshubiri hukatika kirahisi, huchuruzika utomvu wa njano, mchungu kweli, na ndani una ute mwangavu usio na nyuzi. Mkonge utabaki unavutana na kisu, na nyuzi zile sisi watu wa Tanga tunazijua. Madoa yasikupe uhakika: alovera changa huwa nayo, ikikomaa mengi hufutika. Subiri maua. Ya njano, huenda ni alovera, ambayo asili yake Uarabuni. Yakiwa mekundumekundu, yamejipanga upande mmoja wa kijiti, huenda ni Aloe secundiflora, mshubiri wa aina nyingine wa huku kwetu. Huo kwa kawaida hauzai machipukizi pembeni.

Kuoza ni maji tu. Unataka bustani ya jangwa, lakini masika ya Tanga hayajui jangwa! Mimi nilipoteza mitatu kwenye ndoo ambayo sikuitoboa. Ung'oe, kata palipooza mpaka ufike penye uzima, uuweke kivulini siku nne tano kidonda kikauke. Panda kwenye tuta lililoinuka kama futi moja: nusu mchanga wa mto, kokoto, na udongo kidogo. Mchanga wa ufukweni uache, una chumvi. Wiki ya kwanza usiumwagilie kabisa, hata ukiuonea huruma.