Jamu ya Nguter: ipi ninywe, ipi niiache?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma Surakarta, kisiwani Java. Kila asubuhi mama mmoja hupita mtaani kwetu akiuza jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa, na kwao ni Nguter. Mwenzangu wa chumbani naye hunywa unga wa paketi kwa maumivu ya mgongo. Anasema akiunywa usiku, asubuhi anaamka mzima. Natamani kwenda Nguter nikajionee. Je, dawa hizi ni salama?
Msomaji, Surakarta

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Panda Batara Kresna, kile kitreni kifupi cha Wonogiri kinachopita Solo, yaani huko huko Surakarta, sambamba na magari barabarani, ushuke stesheni ya Pasarnguter. Sokoni utakuta manjano, tangawizi, na mizizi ya jamii ya tangawizi iitwayo kencur na temulawak, mibichi kwa mikavu.

Nguter iko wilaya ya Sukoharjo, nchi ya mpunga. Mpunga huleta fedha kwa msimu, lakini watoto hula kila siku. Ndiyo maana wanawake wa huko walishika biashara ya jamu, wakaifikisha hadi Jakarta. Mimi nawaheshimu sana wanawake hawa. Huamka kabla ya alfajiri kutwanga, kuchemsha na kuchuja, kisha hupanga chupa kwenye tenga na kulifunga mgongoni kwa mbeleko, kama abebavyo mwana. Desemba 2023, kwenye mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiandikisha jamu katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwangu mimi, heshima ile ni ya kina mama hao kwanza.

Mama wa mtaani kwenu umsikilize vizuri. Kabla ya kumimina atakuuliza umelalaje, unaumwa wapi. Beras kencur ni mchele uliosagwa na kencur, ukwaju na sukari ya mnazi. Hupewa mtu aliyechoka. Kunyit asam ni manjano na ukwaju, na wasichana huinywa sana siku zao. Pahitan ina majani ya sambiloto, chungu kama shubiri, ndiyo maana baada yake hukupa kikombe kitamu cha kusafishia kinywa. Angalia tu usafi wa glasi, na unywe siku hiyohiyo, maana jamu mbichi huchacha upesi. Ukiwa na mimba au unatumia dawa za sukari au presha, muulize daktari kwanza.

Paketi ya mwenzako ndiyo inayonitia hofu. Mizizi haiondoi maumivu ya mgongo kwa usiku mmoja. BPOM, mamlaka ya dawa na chakula ya Indonesia, imekamata mara nyingi unga wa namna hiyo uliochanganywa kwa siri na dawa za viwandani kama deksamethasoni na fenilbutazoni. Zinatuliza kweli, lakini zinaweza kutoboa tumbo, kuvimbisha uso na kudhuru figo.

Tazameni kama paketi ina namba ya usajili inayoanza na POM TR, kisha muitafute kwenye tovuti ya BPOM, kwa sababu namba za kughushi zipo. Isipoonekana, asiinunue tena. Na kama ameitumia kwa wiki nyingi, asiache ghafla peke yake: mwili uliozoea deksamethasoni unaweza kuzidiwa ikikatwa kwa mkupuo. Mpeleke kwa daktari wiki hii, na paketi yenyewe mkononi.