Kutembea kando ya mifongo ya Marangu

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 65 ataweza kuifuata mifongo, yaani mifereji ya zamani ya Wachaga ya kumwagilia mashamba, huko Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kama mnaweza kutoka Arusha na kurudi siku hiyohiyo. Ataweza kabisa. Mfongo huchimbwa kwa mteremko mdogo sana ili maji yajiendee yenyewe, kwa hiyo njia ya kando yake huwa karibu tambarare. Kazi ni kushuka mabondeni na kupanda tena. Huko kateni fimbo.

Tokeni alfajiri, na pale Moshi pandeni daladala za Marangu Mtoni. Tafuteni kijana wa palepale awaongoze, maana mifongo inapita ndani ya vihamba vya watu, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, katikati ya migomba na kahawa. Pigeni hodi kila mnapoingia. Mwombeni awafikishe kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni. Mimi hapo husimama muda mrefu: mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848 mifongo ilikuwepo tayari, na mpaka leo watu wanamwagilia kwa zamu.

Msifulie wala kunawa humo, tafadhali. Machi hadi Mei kuna utelezi mbaya; mama asubiri Juni.