Maswali ya Wasomaji: Onyesho la Oboe na Hesabu ya Pumzi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma muziki katika chuo kikuu kimoja nchini Uingereza, na ala yangu ni oboe, ala ya kupuliza iliyo jamii ya zumari. Kwa mtihani wa onyesho nimepanga kupiga Romansi Tatu za Schumann, kisha koncheto (kazi ya ala moja ikisindikizwa na okestra) ya Mozart, na kumalizia na Metamofosi Sita za Britten. Tatizo ni kwamba nikifika mwisho wa Romansi ya kwanza kichwa hunizunguka na midomo hulegea. Je, niache Schumann?
Mwanafunzi, Manchester

JIBU: Usimwache Schumann, panga upya mfuatano, na kabla ya hapo rekebisha namna unavyopumua. Mpiga oboe hasumbuliwi sana na kuishiwa hewa, bali na kubakiwa nayo, kwa kuwa upenyo kati ya vipande viwili vya tete (utete wa mdomoni unaopulizwa) ni mwembamba mno na hewa hutoka kidogo kidogo, huku ile inayobaki kifuani ikiwa imekwisha tumika. Anayevuta nyingine juu ya hiyo hujaza kifua bila kupata nafuu, na ndipo kizunguzungu kinapoanza. Toa kwanza, ndipo uvute. Pale ambapo nafasi ni fupi, toa hewa tu, uendelee kupiga kwa kiasi kilichosalia, kisha uvute katika nafasi inayofuata. Na alama za kutoa na za kuvuta uziandike kwa penseli tofauti, maana jukwaani hakuna muda wa kukumbuka.

Schumann aliandika Romansi hizo mwaka 1849, na hakumhurumia mpigaji: sentensi za muziki ni ndefu na mapumziko ni haba. Kuanza nazo, kabla woga haujatulia, ni kujitakia taabu. Mimi ningeanza na Britten. Kazi yake ya mwaka 1951, iliyopigwa kwa mara ya kwanza na Joy Boughton katika tamasha la Aldeburgh, haina kinanda cha kuisindikiza, na kipande cha kwanza, Pan, hakifungwi na mapigo ya kuhesabu. Ukimya uliomo ni wako, unaweza kuurefusha hadi kifua kitulie. Schumann afuate, kisha toka jukwaani kidogo, unywe maji, urudi na Mozart.

Koncheto hiyo ya mwaka 1777, aliyoandikiwa Giuseppe Ferlendis wa Salzburg, inakupa mapumziko ya kweli kila okestra inaposhika zamu. Hata hivyo oboe inaingia kwa kupanda mbio hadi noti ya C ya juu na kuishikilia kwa vipimo (mafungu ya mapigo) vinne, jambo linalodai midomo iliyopumzika. (Wapiga zumari wa pwani yetu, ambao huvuta hewa puani huku mashavu yakisukuma iliyomo mdomoni, wangeishikilia wapendavyo. Ufundi huo utakufaa siku utakapofika kwa Richard Strauss, ambaye katika koncheto yake ya mwaka 1945 anaifungua oboe kwa vipimo zaidi ya hamsini bila pumziko.)

Katika mitihani, wapiga kinanda wana desturi ya kukata sehemu za okestra ili kuokoa muda. Zungumza na wako mapema, na umwombe abakize walau nusu ya utangulizi wa Mozart. Muda huo ndio utakaoirudishia midomo nguvu baada ya Schumann.