Fuatilia Data Hadi Ilikotoka Kabla ya Kuirekebisha Modeli

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kufunza modeli za kompyuta, yaani programu zinazojifunza kutokana na data, hapa Uganda, mtafundishwa mapema namna ya kupima usahihi wa modeli, lakini ni wachache watakaowahimiza kuuliza kila picha na kila lebo (jina la kinachoonekana kwenye picha) ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, na ilibadilishwa na programu gani. Mimi nilijifunza umuhimu wa maswali hayo baada ya kupoteza wiki tatu.

Tulikuwa tukifunza modeli ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Ugonjwa wa batobato iliutambua vizuri, ila majani yenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia iliyahesabu mara nyingi kuwa mazima. Tulipunguza kasi ya modeli kujifunza, tukaiongezea tabaka za hesabu, tukazungusha picha ili ziwe nyingi zaidi, na kosa likabaki palepale. Hatimaye mwenzetu mmoja alishauri tuiache modeli kwanza, tuzitenge picha ilizozikosea, kisha tuzifuatilie moja moja hadi shambani. Kwa bahati nzuri, jina la kila faili lilikuwa na namba ya kifaa kilichopiga picha pamoja na tarehe, na tukagundua kwamba nyingi zilitoka katika kundi moja, ambalo mkusanyaji wake alipiga kwa zamu mmea mgonjwa na mmea mzima ili ilinganishwe. Programu yetu iliunganisha picha na lebo kwa kufuata mfuatano wake kwenye orodha, wala si kwa kitambulisho cha picha. Faili moja lilipoharibika na kuondolewa, lebo zote zilizofuata zilisogea nafasi moja, na kila jani gonjwa likapewa lebo ya jirani yake mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kufunza chochote, ipeni kila rekodi kitambulisho kisichobadilika, na pamoja nacho mwandike chanzo, tarehe, aliyeweka lebo, na toleo la kila programu iliyoigusa. Jina la aliyeweka lebo msilipuuze, kwa sababu dalili za michirizi ya kahawia kwenye majani huweza kuwa hafifu kiasi kwamba mkulima huujua ugonjwa siku ya kung'oa mizizi iliyooza. Ndiyo maana picha 21,367 za Uganda zilizotumika katika shindano la mwaka 2020 la Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, ziliwekewa lebo na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya NaCRRI, wakishirikiana na maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mkizichanganya picha kama hizo na zenu, wekeni safu inayoonyesha chanzo cha kila picha, la sivyo hamtaweza kuzitenganisha tena.

Kumbukumbu hizo husaidia pia wakati wa kusasisha modeli. Katika rigresheni ya mstari, yaani modeli sahili inayokadiria namba kwa kuchora mstari kati ya data, mchango wa kila rekodi ni sehemu ya jumla, hivyo rekodi mbovu huweza kutolewa na vigezo, yaani namba ambazo modeli imejifunza, vikakokotolewa upya bila kuzipitia data zote. Mwaka 2020 Yinjun Wu, Val Tannen na Susan Davidson walieleza mbinu yao ya PrIU, inayohifadhi kumbukumbu za hatua za mafunzo ili rigresheni ya mstari na ile ya lojistiki, ambayo hupanga vitu katika makundi, zisasishwe baada ya rekodi kuondolewa. Kwa mitandao ya neva yenye tabaka nyingi, aina ya modeli zinazotumika sana kutambua picha, kazi ni ngumu zaidi, na mara nyingi mtalazimika kufunza upya, lakini angalau mtajua ni rekodi zipi za kuacha nje. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, na ombi hilo halitekelezeki ikiwa hamjui taarifa hizo zimeingia wapi.

Sisi tulisahihisha lebo na kufunza upya, ila matoleo matatu ya awali yalikuwa tayari kwenye simu za maafisa ugani. Mawili tuliweza kuyahusisha na seti zake za data kwa kulinganisha tarehe. La tatu halikuwa na kumbukumbu yoyote, na ingawa huenda lilikuwa zima kabisa, ilibidi tuliondoe. Tangu hapo kila faili la modeli ninalolitoa hubeba ndani yake orodha ya makundi ya data iliyofunzwa nayo.