Kubuni sheria mpya za FPL Draft: hesabu kwanza, kura baadaye

Msomaji ameandika kwamba ligi yao ya FPL Draft, watu wanane, imepooza. (Ni mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu ni kocha wa kikosi cha kufikirika cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England, na wanachofanya uwanjani kinampa pointi.) Aliyepata zamu ya kwanza ya kuchagua wachezaji alimbeba mshambuliaji Haaland, na kufikia Januari nusu ya makocha walikuwa hawapangi hata kikosi. Anaomba sheria mpya. Wakuu, sheria za kunakili zimejaa kila kona. Kinachokosekana ni mtu wa kushika kalamu na kuona sheria hiyo itazaa nini ikifika gemuwiki (raundi ya mechi) ya 20.

Kabla ya yote, hesabuni watu. Kila kocha ana wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, na ndani ya ligi mchezaji mmoja hawezi kuwa wa makocha wawili. Ligi Kuu ya England ina timu 20, kwa hiyo makipa wanaoanza ni 20. Mkiwa makocha 10, makipa wote wameisha. Mkiwa 12 mnahitaji 24, maana yake wanne kati yao ni wa kukaa benchi msimu mzima. Kwa washambuliaji ni balaa zaidi, maana makocha 10 wanahitaji 30 wakati timu nyingi huanza na mmoja tu. Watu wanane ni idadi nzuri, na anayetaka kuongeza marafiki afikirie kufungua ligi ya pili badala ya kubana hii.

Tuje kwenye drafti yenyewe, yaani kugawana wachezaji. Programu huendesha zamu za kwenda na kurudi: mkiwa wanane, wa kwanza anachagua mchezaji wa 1, kisha wa 16 na wa 17, wa nane anapata wa 8 na wa 9. Kwenye karatasi inaonekana haki. Tatizo ni kwamba pengo kati ya mchezaji wa 1 na wa 8 ni kubwa kuliko pengo kati ya wa 9 na wa 16, kwa hiyo kurudi nyuma hakufidii. Dawa rahisi ni kugeuza raundi ya tatu: wa nane aanze ya pili na ya tatu pia, kisha zamu ziendelee kubadilishana kama kawaida. Dawa kali, na ndiyo ninayoipigia debe, ni mnada.

Mnada wa wachezaji wa kufikirika ni wa zamani kuliko intaneti ya majumbani. Daniel Okrent na wenzake walianza kuucheza New York mwaka 1980 kwa wachezaji wa besiboli, na mchezo wao ukachukua jina la mgahawa waliokuwa wakikutania, La Rotisserie Française. Hadi leo kipimo kilichozoeleka kwenye fantasi ya besiboli ni dola 260 za kufikirika kwa wachezaji 23. Kwa FPL Draft, mpeni kila kocha pesa 200 za kufikirika. Mkinadi wachezaji wote 120, kwa dakika moja na nusu kila mmoja, mtakaa saa tatu kamili, na watu watalala. Nadini 10 wa kwanza wa kila kocha, yaani 80, muda ushuke hadi saa mbili. Watano waliobaki wachukuliwe kwa zamu bila pesa, na aliyetumia pesa nyingi zaidi mnadani achague mwisho.

Kila kocha kwa zamu anataja mchezaji na bei ya kuanzia, isiyopungua 1. Bei inapanda kwa namba kamili, dalali anahesabu moja, mbili, tatu, amefungwa. Sheria isiyopaswa kukosekana ni ya dau la juu kabisa: pesa ulizobaki nazo, toa nafasi ulizobaki nazo, ongeza moja. Una 60 na nafasi 5? Mwisho wako ni 56, maana nafasi nne zilizobaki lazima zipate angalau 1 kila moja. Msipoiandika, atatokea mtu amemaliza pesa akiwa na wachezaji saba, na mnada mzima utasimama mkijadili huruma. Yule anayetaka Haaland kwa 90 mwacheni amnunue. Atajaza nafasi tisa kwa 110, na hapo ndipo wengine mtapata Saka na Gabriel kwa bei ya kawaida.

Programu haina habari na mnada wenu, hivyo matokeo lazima yaingizwe kwa mkono. Mwandishi mmoja aandike majina kwenye jedwali la 2-5-5-3. Kisha kila kocha aweke wachezaji wake wote 15 kwenye orodha yake ya ufuatiliaji ndani ya programu kabla drafti rasmi haijaanza, na msimamizi aweke muda mrefu zaidi unaoruhusiwa kwa kila zamu. Hapo zamu yoyote haina madhara, kila mtu anachagua wa kwake. Inaharibika pale mmoja anapokosa bando na orodha yake ni tupu: programu inamchagulia yenyewe, na inaweza kumpa mchezaji uliyemnunua wewe kwa 45. Kwa hiyo msiifunge biashara ya kubadilishana wachezaji, mrejesheane wa nafasi ileile siku hiyohiyo. Kulia kwenye grupu hakusaidii.

Pesa zilizobaki mnadani zisipotee. Msimu unaanza Agosti dirisha la usajili likiwa bado wazi, na wachezaji wapya huingia wakati drafti imeshapita. Wanadiwe kwa dau la siri kwa pesa hizo. Kila mmoja amtumie msimamizi dau lake faragha, na msimamizi atangulie kumtumia mwanachama mwingine la kwake, la sivyo ataona ya wenzake na kuongeza 1. Atakayemchukua kwa weiva (maombi ya kuchukua mchezaji asiye na kocha) mchezaji aliyenunuliwa na mwenzake amwachilie, na atozwe 20 kwenye pesa hizo.

Kuhusu nahodha wa kuzidisha pointi mara mbili, ambaye FPL Draft haina: wengi huipenda sheria hii, mimi siipendi. Kwenye FPL ya kawaida kila mtu anaweza kuwa na Haaland. Huku anaye mmoja tu, na mkizidisha pointi zake mnamtajirisha tajiri. Mking'ang'ania, wekeni kikomo cha mara tatu kwa mchezaji mmoja kwa msimu. Gemuwiki ni 38, hivyo kila kocha atahitaji angalau manahodha 13 tofauti, na benchi litakuwa na thamani. Jina litumwe WhatsApp kabla ya muda wa mwisho, na ujumbe uliohaririwa uhesabike haupo.

Makocha wanaokata tamaa hawahitaji faini, wanahitaji sababu ya kucheza. Gaweni msimu: gemuwiki 1 hadi 19 ubingwa wa kwanza, 20 hadi 38 wa pili. Programu haigawi, lakini mkipiga picha msimamo baada ya gemuwiki ya 19, mwisho wa msimu mnazitoa tu pointi hizo kwenye jumla. Mchango wa nyama choma ugawanywe nusu kwa nusu, na anayeshika hela asiwe msimamizi.

Halafu kuna saa. Kikosi kinafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, na weiva hufanyika saa 24 kabla ya hapo. Mechi ya Jumamosi mchana kule England ikianza 12:30, kwetu kikosi kinafungwa saa 7 mchana, na weiva ni Ijumaa saa 7, watu wakiwa msikitini. Pangeni dau za siri zifungwe Alhamisi saa 3 usiku. England ikirudisha saa zake nyuma mwishoni mwa Oktoba, kila kitu kinasogea hadi saa 8, ila hiyo Alhamisi yenu iacheni palepale.