Mashine ya Fundi wa Malindi na Ushuru wa Chuma

SWALI

Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa chuma hapa Malindi, karakana yangu iko Maweni, na kwa miaka 13 nimekuwa nikitengeneza mashine za kukuna nazi, za kukamua mafuta na za kukatakata muhogo. Mwaka huu kikundi cha akina mama wa Gongoni kiliniagiza mashine mbili za kukuna nazi, nikawapigia hesabu ya shilingi 68,000 kila moja. Baada ya wiki moja walirudi kunieleza kwamba wamepata ya kutoka nje, dukani Mombasa, kwa shilingi 51,000. Nilipokaa kukokotoa gharama zangu niliona kuwa chuma, mota na beringi peke yake vinakula zaidi ya shilingi 45,000, kabla sijajilipa mimi na vijana wangu wawili. Je, serikali haiwezi kuzizuia mashine hizi zisiingie nchini, au kuzitoza ushuru mkubwa, ili nasi tupate riziki?

Fundi wa Karakana, Malindi

JIBU

Ndugu fundi, waalaykum salaam. Serikali inaweza kuzitoza ushuru, lakini mimi nisingependa uombe hilo kwanza. Ile tofauti ya shilingi 17,000 itatoka mifukoni mwa akina mama wa Gongoni, ambao nao wanauza mafuta ya nazi kwa faida ya kubahatisha, na wakikosa mashine watarudi kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa mkono. Swali ambalo hesabu yako yenyewe inaliuliza ni jingine: kwa nini vifaa vyako vikaribie bei ya mashine nzima iliyokwisha kuvuka bahari? Sehemu moja ya jibu ni wingi, kwa sababu kiwanda kinachotoa maelfu ya mashine za aina moja hununua chuma kwa bei ambayo wewe huwezi kuisikia. Sehemu nyingine ni sera, na hiyo inarekebishika.

Kwa bidhaa zinazotoka nje ya Afrika Mashariki, Kenya hutumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005 kwa viwango vitatu: sifuri kwa malighafi na mitambo ya uzalishaji, asilimia 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, na baadhi ya bidhaa za chuma zimo humo. Mpango huo una mantiki yake, isipokuwa unapofika mlangoni mwa karakana yako mambo hugeuka juu chini. Kwako wewe, bamba la chuma ni malighafi. Kwa forodha, mabamba na vyuma vingi vya kuundia ni bidhaa za viwanda vya chuma, navyo hulindwa. Kwako wewe, mashine ni bidhaa iliyokamilika. Kwa forodha, mashine nyingi za kilimo na za viwanda ni mitambo ya uzalishaji, nazo huingia kwa sifuri. Tuchukue mfano wa chuma cha shilingi 20,000 kilichotozwa asilimia 25: anayeunda mashine hapa amekwisha kubeba shilingi 5,000 ambazo aliyeileta ikiwa imeundwa hakuzibeba. Hata chuma kinachotoka viwandani mwetu huuzwa kwa bei inayojua kwamba cha nje kimetozwa ushuru.

Sisemi ushuru wa chuma ufutwe wote, kwani viwanda vya chuma navyo vimeajiri watu. Upo utaratibu wa Jumuiya wa kumsamehe mtengenezaji ushuru wa malighafi anazoagiza, na ni utaratibu mzuri, ila umeshonwa kwa kipimo cha kiwanda kikubwa kinachoagiza kontena kwa jina lake. Wewe hununua mabamba manne dukani, na ushuru umo ndani ya bei bila hata kuonekana. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 nayo ni vivyo hivyo: mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili, na asiyejisajili hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye chuma, mota na beringi. Sera ninayoitaka mimi ni kwamba ule msamaha wa ushuru uweze kuombwa na chama cha ushirika cha mafundi, kiagize chuma kwa pamoja, kikigawe kwa daftari, na forodha ikague daftari hilo. Hapo ndipo sera ya mashine ingeanza kumfikia anayeziunda.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likakuuma, nami nalisema kwa heshima. Hata bei zikilingana, mnunuzi atakuuliza juu ya usahihi. Niliwahi kusimama katika karakana moja hapa Malindi nikamtazama fundi akiingiza shafti ndani ya beringi namba 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25. Shafti ilikuwa imepunguzwa kwa tupa kwa sababu karakana haikuwa na kerezo, yaani mashine ya kuchongea chuma kikiwa kinazunguka, na iliingia kwa kidole, bila kugongwa. Beringi ya namna hiyo hucheza. Ikicheza, shafti hutikisika, mkanda huruka kwenye puli, na baada ya miezi michache mama wa watu anairudisha mashine kwa mkokoteni. Upungufu wenyewe ulikuwa sehemu ya kumi ya milimita, hata jicho haliuoni. Mikono ya fundi yule haikuwa na kasoro. Alikosa chombo cha kukerezea na chombo cha kupimia, na kerezo nzuri haiwezi kununuliwa na karakana ya watu watatu.

Wajapani walilitambua hilo mapema. Mwaka 1956 walitunga sheria maalumu ya kukuza viwanda vya mashine, na fedha zake hazikwenda tu kwa waunda mitambo mikubwa: watengenezaji wa skrubu, giya na beringi walipewa mikopo ya riba nafuu kupitia benki ya maendeleo ya serikali ili waondoe mashine zao zilizochakaa. Sisi tulianzia upande wa pili. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Wahandisi wetu walithibitisha uwezo wao, na hilo ni jambo la kujivunia hadi leo, lakini gari halikuingia sokoni, kwa kuwa fedha za kulizalisha kwa wingi hazikupatikana.

Ndiyo maana natazama kwa matumaini bustani za viwanda zinazojengwa katika kaunti, ambazo zilipangiwa shilingi milioni 500 kila moja, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nyingi zimefikiriwa kama mahali pa kukusanya na kusindika mazao. Naomba chumba kimoja tu katika kila bustani kiwe cha kerezo, tanuri ya kukazia chuma na meza ya vipimo, fundi alipe kwa saa, na pawe na msimamizi anayelipwa mshahara, maana mashine isiyo na msimamizi hufunikwa turubai.

Kuhusu ununuzi wa serikali, nitakuwa mfupi. Sheria ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini anayeshinda zabuni anaweza kuagiza mashine kutoka nje na kuileta vilevile. Zabuni ieleze kazi inayotakiwa, kwa mfano nazi ngapi kwa saa na chuma kisichoota kutu kwa upepo wetu wa bahari, wala isinakili maelezo ya mashine ya kigeni. Kisha kaunti ilipe kwa wakati, kwa sababu mwagizaji mkubwa huvumilia deni la mwaka mzima, nawe deni la miezi mitatu linafunga karakana.

Sheria ya fedha za umma inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha waraka wake wa mkakati wa fedha mbele ya bunge la kaunti kila mwaka, si baada ya tarehe 28 Februari, baada ya kusikiliza wananchi. Nenda na wenzako wa Maweni, wa Barani na wa Gongoni, na badala ya malalamiko beba risiti: bei ya bamba, ya mota, ya beringi, na saa ulizofanya kazi, zote kwa mashine ile ile moja ya shilingi 68,000. Waachie nakala mezani. Nyingine nitumie mimi, nitaichapisha hapa.